Baridi Ndiyo Gundi

Wageni wakifika kambi ya Arrow Glacier, karibu mita 4,900, wote huulizia baridi. Mimi, mwongozaji wao, huomba izidi. Njia ya Western Breach, upande wa magharibi wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni mawe yaliyorundikana tu, na kinachoyashika ni barafu. Mchana theluji inayeyuka, maji yanapenya kwenye nyufa, usiku yanaganda na jiwe linatulia. Jua likiwaka, gundi inaachia. Hapo jiwe la ukubwa wa sufuria ya ugali linaondoka lenyewe, hata kunguru hajalikanyaga.

Gundi yenyewe inapungua. Kati ya 1912 na 2007 Kibo ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Januari 2006 mawe yaliua Wamarekani watatu kwenye njia hii. Ikafungwa, baadaye ikafunguliwa.

Ndiyo maana tunaamsha watu saa nane usiku, na ndiyo maana nakuwa mkali. Safari moja mgeni alipoteza glovu. Tukapekua hema lote, zikaenda dakika arobaini. (Ilikuwa ndani ya buti lake.) Kulipokucha tulikuwa bado katikati ya mteremko, nikasikia maji yanadondoka: ti, ti, ti. Sauti hiyo siipendi. Jiwe linalokuja kwa kuruka hulioni, unasikia mvumo tu. Nikapiga kelele, "Jiwe!" Ukisikia hivyo usikimbie, maana hujui litadundia wapi. Jibanze kwenye mwamba, begi lako liwe juu ya shingo. Lilipita kama hatua tano kutoka kwetu, likagonga mwamba mweusi, likaacha kovu jeupe na harufu ya kiberiti. Mgeni akauliza kama anaweza kupiga picha.

Lakini kuna jambo wageni hawalioni kabisa, kwa sababu wakati huo wameshatangulia. Sisi tukiondoka gizani, wagumu, yaani wapagazi, wanabaki nyuma kuvunja kambi, kuosha vyombo, kufunga mahema yaliyokakamaa kwa barafu. Wanapita palepale saa kadhaa baada yetu, gundi ikiwa imeanza kulegea, kila mmoja na kilo 20.

Nilisumbua ofisini kwetu mpaka wakanipa helmeti za wagumu, kuukuu, mikanda imekatika. Kijana mmoja akaigeuzageuza yake mkononi. "Kaka, nikivaa hii, mzigo niuweke wapi?" Mzigo wake hukaa kichwani. Akaifunga helmeti nje ya begi la mgeni, akabeba vyote pamoja.

Tukifika ukingoni mwa kreta wageni hukimbilia kutazama barafu ya Furtwängler. Mimi nageuka nyuma nahesabu mizigo inayochomoza. Kumi na moja. Kumi na mbili. Bado yule wa mtungi wa gesi.