Mnashangilia Kurudi Tu, na Kuondoka Je?

Wasee, nianze na ukweli: mimi barafu naijua ya friji tu. Ule uwanja wa barafu wa Panari nimeupita kwa matatu nikienda Mlolongo, sijawahi kuingia ndani. Lakini usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 29 Machi 2025, nilikuwa macho chini ya blanketi, bando inakaribia kuisha, nikimcheki msichana wa miaka 19 akiteleza kwenye barafu kule Boston.

Anaitwa Alysa Liu. Akiwa na miaka 13, mwaka 2019, alikuwa bingwa wa Marekani, mdogo kuliko wote waliowahi kuuchukua huo ubingwa. Mwaka uliofuata akauchukua tena. 2022 akaenda Olimpiki ya Beijing, Machi akapata shaba ya dunia, halafu Aprili, wiki chache tu baadaye, akaandika Instagram kwamba amestaafu. Miaka 16! Umri huo mimi nilikuwa napigana na kemia ya kidato cha tatu, tena napigwa.

Na aliondoka kweli. Hakuwa mahali amejificha akifanya mazoezi ya siri. Alitembea mpaka kambi ya chini ya Mlima Everest, akajiunga na chuo cha UCLA kusoma saikolojia, akaishi kama mtu wa rika lake. Mapema 2024 alienda milimani kuteleza kwenye theluji, raha zake tu, ile kasi ikamkumbusha kitu. Akajaribu barafu tena. Mwaka mmoja baadaye yuko Boston anaongoza baada ya raundi ya kwanza, na katika ile raundi ndefu anaingia wa mwisho kabisa. Anayemfukuza ni Kaori Sakamoto wa Japani, bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, anayetafuta ya nne.

Muziki ulikuwa disko ya Donna Summer, gauni la dhahabu. Kilichonishika ni uso. Wengi wakiteleza unaona wanahesabu: kuruka sasa, shika mguu, usianguke. Huyu alikuwa anacheza kama mtu aliyefika kwa harusi ya binamu yake na chakula kimeshaiva. Utotoni aliwahi kutua ile miruko ya kuzunguka mara nne hewani. Safari hii hakuweka hata mmoja. Aliweka ya mara tatu, safi, mmoja baada ya mwingine, na watu wakasimama. Alama 222.97, Sakamoto 217.98. Mwanamke wa mwisho kutoka Marekani kushinda ubingwa huo alikuwa Kimmie Meissner, 2006, na Alysa wakati huo hakuwa amefikisha hata mwaka mmoja.

Na ule umati haukuwa unalilia medali tu. Miezi miwili kabla, Januari, ndege iliyotoka Wichita iligongana na helikopta ya jeshi karibu na Washington, watu 67 wakafa. Ndani kulikuwa na watoto wa mchezo huu, wazazi wao na makocha, wengine wa klabu ya Boston yenyewe. Jiji lilikuwa bado na matanga. Kwa hivyo msichana anacheka katikati ya barafu, watu wanapiga makofi huku wanafuta macho. Hata mimi, sawa, niliwashwa na macho kidogo.

Sasa hapa ndipo nina neno na sisi mashabiki. Kesho yake kila mtu ni "tulijua atarudi". Wapi! Hatukujua. Mtu akiondoka tunasema amepoteza kipaji. Akirudi na dhahabu, ile miaka aliyokuwa nje inageuka kuwa mpango. Lakini kama angerudi akawa wa kumi na tano, au asirudi kabisa, je, kuondoka kwake kungekuwa makosa? Mimi naona siku aliyosema "nimechoka" ndiyo ilistahili keki.

Ndiyo, najitetea. Niliacha chuo mwaka wa pili, na mathe bado ameweka ile barua yangu ya kuitwa chuoni ndani ya Biblia. Shangazi alinitumia klipu ya Boston na maneno matatu: "Ona, hata huyu." Nikataka kumjibu, shangazi, huyu alitoka kwa michezo ndio aende chuo kupumua, mimi nilitoka chuo ndio nipumue, hadithi haziingiliani. Sikujibu. Nikamtumia mathe ile klipu mwenyewe, kabla shangazi hajafika kwake na tafsiri.

Jioni akanipigia. Ameitazama mara mbili, anasema hiyo baridi hiyo, na gauni jepesi hivyo. Kisha akauliza, "Nani alimlazimisha kurudi?"

"Hakuna, mama. Alitaka mwenyewe."

Akanyamaza. "Na wewe hizo video zako, unazifanya ukicheka hivyo?"

Nilikuwa na video ya kumaliza usiku huo, tangazo la mtu, wiki nzima naikwepa. Nikamwambia mtandao unakatika, nitampigia kesho.