Wimbo wa Leo

Kila asubuhi, hapa Magindu, mimi huchagua wimbo mmoja nikampelekea rafiki yangu, naye jioni hunirudishia neno. Jana nilichagua "Kijiti" wa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutiwa sauti yake katika santuri. Wimbo huo wasimulia mwanamke aliyeuawa: muuaji alikimbilia bara, na mahakama ikawaadhibu wanawake waliofika kutoa ushahidi. Rafiki yangu akajibu, "Hayo yalikuwa ya wakoloni."

Kwa hiyo leo nampelekea "Wapo" wa Nay wa Mitego. Mwaka 2017 mwimbaji alikamatwa na wimbo ukapigwa marufuku. Kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe, na wimbo upigwe. Nilifurahi siku ile, lakini furaha yangu ilikuwa na mwiba. Kinywa kilichofunguliwa kwa hisani chaweza kufungwa kwa hasira. Siti hakungoja hisani ya mtu. Jina la hakimu yule silijui. Dhuluma yake naijua, kwa kuwa iliimbwa.

Nangoja jibu la jioni.