Kisu cha 'Rambo' kilivyoniumbua Ziwa Eyasi

Msomaji wangu, kama unadhani kisu ni kisu tu ilimradi kinakata nyanya, kaa kitako nikupe yaliyonikuta Ziwa Eyasi. Ushahidi ninao: nyuzi tano kwenye kiganja cha kushoto.

Safari ilianza kwa mbwembwe. Basi kutoka Dar hadi Arusha, jingine hadi Karatu, halafu nikabanana na magunia ndani ya Land Cruiser kuteremka bondeni Mang'ola, kule kunakotoka vitunguu. Vumbi mtindo mmoja! Ukifika unaliona ziwa la magadi limetandaa jeupe, mibuyu imesimama kama wazee wa baraza, na joto la kukausha mate. Huko ndiko waliko Wahadzabe, kabila dogo ambalo baadhi ya watu wake hadi leo wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali.

Mimi kiunoni nilikuwa na mashine. Nilikuwa nimenunua Kariakoo kisu cha 'Rambo', ile staili ya sinema ya mwaka 1982. Meno mgongoni, dira kwenye kifuniko, na mpini mtupu ndani umejazwa ndoano na njiti za kiberiti. Jamaa aliyeniuzia aliapa kwa mama yake kwamba ni chuma hasa. Nikajiona dume la mbegu.

Alfajiri tukaingia porini, wawindaji watatu, mkalimani na mimi. Visu vyao vilikuwa vifupi, vyeusi, mipini ya mti. Nikavionea huruma. Kumbe! Kijana mmoja alipotaka kuwasha moto, alilaza kisu chake chini, akaweka kipande cha mti juu yake, akapekecha kijiti. Unga wa moto ukadondokea juu ya bapa, akaubeba nalo hadi kwenye nyasi kavu. Moto tayari. Mimi na njiti zangu za ndani ya mpini nikabaki kimya.

Tukakuta nyuki juu ya mbuyu. Pale hupandwi kwa mikono mitupu. Unachonga vigingi, unavipigilia kwenye shina, unakanyaga kimoja hadi kingine. Nikajitolea kuchonga. Kigingi nimekishika kwa mkono wa kushoto, kisu kikanasa kwenye fundo la mti, nikakipindua kwa nguvu. Kak! Bapa likachomoka kwenye mpini, likapita kiganjani. Damu chapachapa.

Nikachana fulana, nikaukandamiza mkono na kuuinua juu. Yule kijana aliyekuwa apande mbuyu akaacha kila kitu akanisindikiza hadi kambini, kama saa mbili kwa miguu, na kutoka hapo pikipiki ikanikimbiza zahanati. Nikashonwa, nikachomwa sindano ya pepopunda. Lakini kilichoniuma zaidi si sindano. Wenzake peke yao hawakupanda, asali ikabaki juu ya mti. Watoto kambini walikuwa wanaingojea. Siku ile wakala mizizi kwa sababu ya sinema yangu.

Kesho yake mkalimani akanipeleka kwa mhunzi, mzee wa Kidatoga. Nikamwamkia, akaniangalia bendeji, akacheka. Wadatoga ndio wanaowafulia Wahadzabe visu na vichwa vya mishale, nao Wahadzabe huleta asali na vitu vya porini. Mivukuto ni ya ngozi ya mbuzi, chuma ni chakavu. Nikashika kisu kirefu kinachong'aa. Mzee akatikisa kichwa. "Hicho cha kutundika ukutani, kijana wangu. Unataka kufanyia kazi au kupigia picha?"

Basi shika haya, msomaji. Kwanza, tazama chuma kinaishia wapi. Kisu cha porini kisiwe cha kukunja wala cha mpini mtupu. Chuma kiingie ndani ya mpini, ikiwezekana hadi mwisho. Pili, urefu: bapa la sentimeta kumi hivi linatosha kuchuna, kuchonga na kukata kamba. Refu zaidi linakuwa panga, na panga lina kazi yake. Tatu, chuma kisichoshika kutu hakikusumbui ukiwa kando ya maji. Kile cha kawaida, kama cha springi ya gari, ukikinoa kinakuwa kikali kweli, ila ukifute na kukipaka mafuta. Nne, mpini usiteleze ukilowa damu au maji. Tano, ala imara. Kisu bila ala ni ajali inayongoja siku.

Ukikitumia, kata kuelekea nje ya mwili. Usichonge juu ya paja, pana mshipa mkubwa wa damu. Usikitumie kama mtaimbo, usikirushe, na ukimpa mwenzako tanguliza mpini. Kinoe mara kwa mara, maana kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ndiyo iliyonishona mimi.

Jambo moja zaidi: kuwa na kisu si kibali cha kuwinda. Kuua mnyama pori bila kibali ni kosa, utaozea ndani. Na ukirudi mjini kiweke ndani ya begi. Ukikivaa kiunoni kwenye daladala, utajieleza kituoni.

Kwa mzee nilinunua viwili vifupi vyeusi. Kimoja ninacho. Kingine nilimpelekea yule kijana kambini. Akakipitisha kwenye ukucha kujaribu makali, akatabasamu, akakichomeka kiunoni. Halafu akanionyesha kwa kidole kule uliko mbuyu, akauangalia mkono wangu, akaniashiria nikae chini.

Nikakaa. Jioni akarudi na asali, na mimi nikapewa kipande.