Tarumbeta za Vibuyu

Beni ya Lamu na Mombasa ilijivunia shaba yake. Kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, kutoka Liuli hadi Mbamba Bay, wacheza mganda hawakuwa na shaba. Walikuwa na vibuyu. Kibuyu hutobolewa, tundu likazibwa kwa utando wa buibui, na mwenye nacho hakipulizi bali huimba ndani yake. Sauti hutoka imekwaruza, kama tarumbeta iliyoota shambani.

Ngoma kubwa hushika mwendo, na wanaume waliovaa kaptula nyeupe na soksi ndefu huenda kwa gwaride. Gwaride hilo ni urithi wa bendi za askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita hivyo vilifika hapo hapo Liuli, iliyoitwa Sphinxhafen, Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani.

Wako waliouita mganda mwigo mtupu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mwigaji hutafuta kufanana. Hawa mahali pa shaba waliweka koo la mtu, na aujuaye wimbo huyasikia maneno ndani ya mlio.