Bibi wa Kijapani katika Teksi ya Mjomba

Kila alfajiri, mjomba wangu awashapo teksi yake mtaani Kisauni, mjini Mombasa, bibi mmoja asiyeonekana humsemesha kwa Kijapani. Kwa muda wa miaka miwili mjomba alimjibu, "Marahaba, binti," akiamini kuwa anaamkuliwa. Siku moja nilimpata mwenzangu aliyewahi kusoma Kijapani, nikamwomba atutafsirie. Alisikiliza, akaangua kicheko. Bibi yule haamkui mtu. Anachosema ni kwamba kadi ya kulipia ushuru wa barabara haijatiwa mahali pake. Na barabara anazozikusudia ziko Japani, maelfu ya kilomita kutoka Kisauni.

Nimeanza kwa kicheko, ila kisa chenyewe hakinichekeshi. Gari hilo ni la mseto, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, na mimi ndimi niliyemshauri mjomba alinunue mwaka wa 2019. Teksi yake ya awali, yenye kabureta na nyaya alizoweza kuzihesabu kwa vidole, ilikuwa imechoka. Mimi, mwana wa chuo, nilisoma makala mawili matatu nikamwambia kwamba gari la mseto hunywa petroli kidogo. Hilo lilikuwa kweli, na ni kweli hata leo. Nisilolisoma ni kwamba magari mengi ya aina hiyo hupoza betri yake kubwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma, na kwamba tundu hilo sharti lisafishwe na kuachwa wazi. Abiria wa mjomba waliliegemezea mikoba, vikapu na mafurushi ya nguo za mitumba. Vumbi na nyuzi zikajaa. Onyo lilipotokea kwenye dashibodi, lilitokea kwa Kijapani. Mjomba akalichukulia kuwa ni mazungumzo mengine ya yule bibi. Betri ilikufa mwaka wa 2022, mkopo wa chama ukiwa haujamalizika kulipwa. Alikopa tena, akatiwa betri iliyotumika. Hajawahi kunilaumu, nami ningeona nafuu lau angenilaumu.

Sasa, hivi majuzi alinipigia simu. "Mpwa wangu," akasema, "nasikia habari za magari ya stima matupu, yasiyoonja petroli. Wewe msomi, wasemaje?"

Sikumjibu papo hapo.

Wasomaji wa jarida hili watanivumilia nitue kidogo kwenye neno alilolitumia mjomba. Stima, kwa asili yake, ni mvuke. Ni meli iliyoendeshwa kwa mvuke. Wakenya waliligeuza neno hilo likawa umeme, na leo stima ikipotea hakuna anayetazama baharini. Lugha yetu, basi, ilikwisha kuhama kutoka mvuke hadi umeme bila kumwuliza mtu. Je, dereva wa kawaida naye aweza kuhama kwa wepesi huo?

Upande wa hesabu, mjomba ana sababu nzuri za kuuliza. Mnamo Septemba 2023 lita moja ya petroli jijini Nairobi ilipita shilingi 211, na yeye aliyategemea mafuta hayo kama samaki ategemeavyo maji. Umeme wetu nao, kwa sehemu kubwa, hautokani na mafuta: hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwenye maporomoko ya mito na kwenye upepo. (Tazama jinsi mvuke ulivyorudi!) Isitoshe, tangu mwaka wa 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, na saa za usiku bei hiyo hushuka zaidi.

Mashine yenyewe pia inamfaa mtu wa mjini. Watu wengi hudhani kuwa gari la umeme ni tata kuliko la petroli, na hapo ndipo wanapokosea. Halina plagi za kuwashia mafuta, halibadilishwi oili ya injini, halina bomba la moshi la kutoboka kwa chumvi ya bahari. Ukiondoa mguu kwenye kichapuzi, mota hugeuka kuwa jenereta, ikarudisha umeme kwenye betri na kulipunguza gari mwendo, hivyo breki hazilikilika upesi. Katika msongamano wa Makupa, ambapo injini ya petroli huunguza mafuta ikiwa imesimama tu, mota ya umeme hutulia kimya. Gari gumu kwa mtu wa kawaida, kwa maoni yangu, ni lile la mseto nililomnunulisha mjomba, kwa maana lina mashine mbili na maradhi ya zote mbili.

Hata hivyo, kimya hicho kina gharama yake. Fundi wa mjomba, mzee wa jua kali huko Changamwe, huutambua ugonjwa wa gari kwa sikio. Humwambia mwenye gari, "Kanyaga kidogo," akainamisha kichwa kama daktari, kisha akataja kilichoharibika. Sikio hilo litasikia nini kwenye mota? Aidha, amezoea betri ya volti 12, ambayo haimwui mtu. Ndani ya gari la umeme hupita volti zaidi ya 300, kwenye nyaya zilizopakwa rangi ya chungwa ili mtu akae mbali nazo. Fundi wetu hakuambiwa maana ya rangi hiyo. Nani amwambie, na kwa lugha gani? Sisi tunajivunia kuunda istilahi za tarakilishi na rununu, lakini sijakiona kijitabu hata kimoja cha Kiswahili kinachomweleza mtu wa gereji jinsi ya kuuzima umeme wa gari kabla ya kulifungua. Nakiri kwamba hata mimi nisingejua pa kuanzia kukiandika.

Tena kuna suala la umri. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo halijazidi miaka minane, na wengi wetu hununua yale yaliyokaribia mwisho wa muda huo. Injini ya petroli yenye miaka saba bado ni kijana. Betri yenye miaka saba ni jambo lingine. Chukua Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010: betri ya matoleo yake ya awali haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto ni adui wa betri. Kwenye dashibodi ya matoleo hayo kuna mistari 12 inayozimika mmoja mmoja kadiri uwezo wa betri unavyopungua. Asiyejua kuihesabu mistari hiyo atauziwa gari linalong'aa rangi lakini lisiloweza kwenda Malindi na kurudi. Joto la Mombasa nalo halimsubiri mtu asome.

Nilipompigia mjomba, nilimweleza haya yote, hadi ile mistari 12. Aliniacha nimalize, halafu akaniuliza swali ambalo makala yangu yote hayakuniuliza.

"Nitalichajia wapi, mwanangu?"

Anaishi orofa ya tatu, katika nyumba ya kupanga. Gari hulala barabarani, chini ya mwarobaini, likilindwa na bawabu anayelipwa na majirani wanane. Je, apitishe waya dirishani, juu ya nguo za watu zilizoanikwa? Tokeni za nani zitatumika? Mabasi ya umeme yaliyoanza kuhudumu Nairobi mwaka wa 2022 huchajiwa usiku kwenye vituo yanakolala. Mwenye bodaboda ya umeme hahitaji hata soketi: hufika kituoni, akatoa betri iliyokwisha, akapewa iliyojaa, akaenda zake. Tajiri mwenye ua ana ukuta wake na soketi yake. Aliyesahaulika ni huyu wa katikati, mwenye gari moja na chumba cha kupanga.

Sikuthubutu kumwambia anunue, wala sikumwambia asinunue. Nilimwambia kwamba mashine inamfaa ila barabara aliyoegesha bado haimfai, kwa hivyo kwanza amwone mwenye nyumba kuhusu kutiwa mita ya pekee pale chini ya ngazi, naye alipe gharama. Nikaahidi pia kwamba safari hii, kabla ya senti kutoka mfukoni, nitakwenda naye kulikagua gari, pamoja na mwenzangu wa Kijapani.

Alikwenda kwa mwenye nyumba Ijumaa iliyopita, baada ya swala. Ameambiwa asubiri jibu.