Makaburi ya Lualaba na Mavumbi ya Kingamyambo

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Kolwezi hufuata njia ya Likasi, hupita Fungurume na Tenke, huvuka mto Lualaba, na baada ya mwendo wa kilometa 300 hivi huuona mji. Vilima aonavyo kwanza havikuumbwa pamoja na nchi, ila vimejengwa na watu: ni mawe na udongo uliotolewa mashimoni ukarundikwa juu ya nchi. Kolwezi ni mji wa shaba. Ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière, ukawa makao ya Askofu mwaka 1971, na tangu mwaka 2015 ndio mji mkuu wa mkoa wa Lualaba.

Karibu na mji pana bonde liitwalo Kingamyambo. Mgeni hawezi kupendezwa na bonde hilo, kwani ni uwanda wa matope yaliyokauka. Tangu miaka ya 1950 mawe ya shaba yalisagwa katika kiwanda cha Kolwezi yakawa unga, shaba ikatengwa kwa maji na dawa, na unga uliobaki ukasukumwa kwa maji mpaka bondeni. Yalikuwa makapi ya shaba. Nani angalitaka makapi?

Katika nchi hii hakuna kazi ijulikanayo kuliko kuchimba. Baba huchimba ili watoto wale, na mwisho wa siku zake watoto humchimbia baba. Basi, wasomaji wapendwa, yafaa leo tutembee pamoja katika makaburi ya nchi hii ya Lualaba, ya kale na ya sasa, tukiuliza swali moja tu: Je, mtu aliyezikwa ni kama makapi yale, kitu kilichokwisha kutumiwa kikatupwa?

WAZEE WA SANGA

Tuanze na walio mbali nasi kwa wakati. Mto Lualaba, ukiisha kupita upande wa Kolwezi, hushuka kwa nguvu katika makorongo ya Nzilo, hufika Bukama, kisha huingia katika nchi tambarare ya maziwa na mabwawa. Moja la maziwa hayo ni Kisale, na kando yake pana mahali paitwapo Sanga. Mwaka 1957 mtaalamu Jacques Nenquin alianza kufukua makaburi ya kale pale. Mwaka 1958 akafuatwa na Jean Hiernaux, na katika miaka ya 1970 na Pierre de Maret. Yalionekana makaburi zaidi ya 100 pale Sanga peke yake, na mengine katika vijiji vya jirani. Yaliyo ya kale ni ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Tazameni jinsi wazee hao walivyozikwa. Hawakutupwa shimoni ovyo. Walilazwa kwa taratibu, wakazungukwa na vyungu vizuri vya udongo, wengine vyungu vingi sana, pamoja na mikufu na vikuku vya shaba. Katika makaburi ya watoto vyungu vilikuwa vidogo, kwa kadiri ya umri wa mtoto. Fikirini jambo hili, ninyi mlio wazazi. Mfinyanzi mmoja, miaka mia nyingi kabla ya babu zetu, aliukanda udongo akafinyanga chungu kidogo kwa ajili ya mkono mdogo usioweza tena kushika kitu. Je, mtu aliyesadiki kwamba mtoto yule amekwisha kabisa angalijisumbua hivyo?

Katika makaburi ya nyakati za baadaye, tangu karne ya 14 hivi, ilionekana misalaba ya shaba iliyowekwa kifuani au karibu na mikono ya maiti. Haikuwa misalaba ya Kikristu, kwa maana Injili ilikuwa haijafika. Ilikuwa vipande vya shaba vilivyoyeyushwa kwa umbo hilo, na watu walivitumia kama sisi tutumiavyo fedha. Nchi ya ziwa Kisale haina shaba. Shaba ile ilitoka huku kusini, katika nchi yetu ya machimbo. Basi mali iliyotoka katika ardhi ilipita mikononi mwa watu, ikarudi ardhini pamoja nao, na wataalamu waliifukua ikiwa palepale ilipowekwa. Mwenyewe hakuitumia. Wazee wa Sanga walijua nusu ya jambo: kwamba mtu hufanya safari baada ya kufa. Nusu ya pili hawakufundishwa bado: kwamba katika safari ile shaba hainunui kitu.

MFALME WA BUNKEYA

Katika mkoa huuhuu wa Lualaba, upande wa mashariki, uko mji wa Bunkeya. Katika karne ya 19 alitawala pale Msiri, Msumbwa wa asili, ambaye watu wake walikuwa wafanya biashara kutoka nchi iliyo leo Tanzania. Walivutwa huku na shaba. Msiri akajifanyia ufalme mkubwa, akauza shaba, pembe za ndovu na, jambo la kusikitisha, watu pia. Wageni waliofika walimwogopa.

Mwaka 1891 msafara ulioongozwa na Kapteni William Stairs ulifika kumtaka akubali bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, alimpiga risasi akafa, naye Bodson akapigwa risasi palepale na mtu wa mfalme, akafa kwa jeraha hilo. Kichwa cha Msiri kilikatwa na watu wa msafara. Stairs mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miaka 28 tu, alipatwa na homa njiani akirudi, akafa Chinde penye mlango wa mto Zambezi mwezi wa Juni 1892. Hivyo katika muda wa nusu mwaka aliyeitawala nchi ya shaba, aliyemwua, na aliyewaongoza waliokuja kuitwaa, wote watatu walikuwa kaburini. Shaba ilibaki ardhini.

Wayeke, watu wa Msiri, wangali Bunkeya na mtemi wao hata leo, nao hulikumbuka kaburi la mfalme wao. Hilo ni haki. Nasi Wakristu hatukukatazwa kuwaheshimu waliotutangulia. Tumekatazwa tu kuwaabudu. Heshima ya kaburi ni jambo moja, ibada ni jambo jingine.

WALIOLALA KOLWEZI

Sasa turudi Kolwezi, tuingie katika makaburi ya mji kwa hatua za polepole. Hapa hakuna vyungu wala mikufu. Kuna misalaba ya chuma, ya saruji na ya mti. Mingine imesimama, mingine imelala na majani yameifunika. Majina ni ya makabila mengi: Waluba, Walunda, Wachokwe, Wasanga, Wandembo. Machimbo ya Katanga yaliwaita watu kutoka mbali, kutoka Kasai, hata kutoka Rwanda na Burundi. Kazini walisikilizana kwa Kiswahili, na kaburini wamelala ubavu kwa ubavu bila ya kuulizana kabila.

Walakini yako makundi matatu ya wafu ambao mwenye imani hawezi kupita Kolwezi asiwaombee.

Wa kwanza ni wale wa mwaka 1978. Tarehe 13 Mei mwaka huo watu wenye silaha waliotoka Angola waliushika mji, na tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka kuukomboa. Katika siku hizo chache watu mamia waliuawa, Waafrika na Wazungu. Wako wasiopata jeneza, wala padre, wala jina juu ya kaburi.

Wa pili ni wale wa mwaka 1993. Watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa Katanga na hawakuijua nchi nyingine, walifukuzwa makwao. Hapa Kolwezi walijazana stesheni wakingoja gari la moshi la kuwapeleka Kasai, na gari halikuja upesi. Walikaa hivyo majuma mengi. Njaa, surua na kuhara viliwaua wengi, hasa watoto wadogo. Waliobaki hai walipopanda gari hatimaye, iliwapasa kuyaacha nyuma makaburi mafupi. Wako akina mama waliozeeka Mbuji-Mayi na Kananga ambao mtoto wao amelala Kolwezi, wala hawajarudi kuona kama msalaba ungaliko. Nasi tuliobaki tusiseme kwamba jambo hilo ni la siasa na la zamani. Jirani alimfukuza jirani aliyekuwa akipiga magoti karibu naye kanisani.

Wa tatu ni wachimbaji wa mikono. Tarehe 27 Juni 2019, katika machimbo yaitwayo KOV, udongo uliwaporomokea wakiwa chini, na watu wasiopungua 43 wakafa. Hao ni waliojulikana kwa sababu walikuwa wengi kwa siku moja. Afaye peke yake katika shimo lake hatajwi, ila na mkewe na watoto wake. Shimo alilolichimba kwa ajili ya chakula limekuwa kaburi lake.

ARDHI ISIYO NA PUMZIKO

Liko jambo jingine litupasalo kulifikiri. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi, ilionekana kwamba chini ya nyumba kuna kobalti, madini yatumiwayo katika betri za simu na za magari. Basi watu walichimba uani, jikoni, hata ndani ya vyumba walimolala. Mwaka 2017 familia nyingi zilihamishwa, na sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta ili madini yachimbwe.

Siwahukumu maskini waliochimba. Mtoto akilia njaa, baba hatazami sakafu. Lakini tuulizane: katika nchi ambayo hata sakafu ya nyumba huchimbwa, ni nani atakayelilinda kaburi? Aliye hai hupiga kelele ahamishwapo. Marehemu hana sauti ila ya kwetu. Kuwazika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma tuliyofundishwa katika katekisimu, na mzee Tobiti alihatarisha uhai wake kwa ajili ya tendo hilo. Kazi ya kuzika haiishi siku ya kufukia udongo. Huendelea kwa kulima majani, kusimamisha msalaba ulioanguka, kuandika jina upya, na kusimama kwa adabu mbele ya wakubwa ikiwa makaburi yatatiwa hatarini, kuomba yahamishwe kwa heshima au yaachwe.

Na wale wasioweza kulifikia kaburi? Wamkumbuke Mtakatifu Monika, mwanamke wa Afrika, mama yake Mtakatifu Agostino. Alifia Ostia, nchi ya Italia, mwaka 387, mbali sana na kwao. Zamani alitamani kuzikwa karibu na mumewe. Lakini alipokuwa kufani aliwaambia wanawe wasihangaike juu ya mwili wake. Aliwaomba neno moja tu, wamkumbuke katika altare ya Bwana popote watakapokuwa. Mama aliye Kananga hana nauli ya kufika Kolwezi, lakini Misa Takatifu aiweza.

MAKAPI YALIYOTAFUTWA TENA

Tumalizie penye bonde la Kingamyambo. Makapi yale yaliyotupwa miaka mingi hayakuwa makapi kabisa. Wataalamu waliyapima, yale ya bondeni pamoja na yale yaliyochukuliwa na mto Musonoi, wakaona kwamba ni zaidi ya tani milioni 100, na kwamba ndani yake mna shaba na kobalti za kutosha. Tangu mwaka 2018 kiwanda cha Metalkol kinayachukua tena, kinayaosha na kutoa madini safi. Kitu ambacho wazee wetu walikiona ni matope ya kukanyagwa, leo kimewekewa walinzi.

Kila mwaka, Jumatano ya Majivu, padre hututia majivu penye paji la uso, hutukumbusha kwamba tu mavumbi. Ni kweli, nasi tusimame kwa unyenyekevu mbele ya neno hilo, tajiri na maskini, bwana na mtumishi. Lakini mtu wa Kolwezi asisikie neno hilo kwa huzuni tupu. Yeye amekwisha kuona kwa macho yake kwamba si kila kilicho mavumbi ni cha kutupwa. Ikiwa mwanadamu, mwenye tamaa ya faida tu, aweza kuyarudia mavumbi baada ya miaka 60 kwa kuwa ajua kilichomo, je, Mungu aliyeyafinyanga mavumbi kwa mkono wake, akayakomboa kwa damu ya Mwanae, atayasahau? Mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa kiwanda hutafuta shaba na kuliacha vumbi, bali Bwana ataufufua mwili wenyewe. Hata hivyo toharani pia ni mahali pa kuoshwa, na sala zetu husaidia kazi hiyo.

Basi, mwezi wa Novemba ujapo, kila nyumba na ifanye mambo matatu. La kwanza, tarehe 2, Siku ya Marehemu Wote, tuhudhurie Misa. La pili, tangu tarehe 1 hata tarehe 8, mwenye kuungama na kukomunika, asiye na mapenzi ya dhambi yoyote, na ayazuru makaburi na kuwaombea marehemu pamoja na kusali kwa nia ya Baba Mtakatifu. Mama Kanisa ametoa rehema kamili kwa ajili ya roho za toharani. La tatu, kila familia ichague kaburi moja lisilo na mwenyewe, hata kama ni la mtu wa kabila lisilo lake, ilisafishe kana kwamba ni la ndugu. Watoto wachukue jembe, wasome jina kama lingali linasomeka, na kama halisomeki wamwombee aliyelala pale vivyo hivyo. Mungu amjua.