Mabingwa Waliosahauliwa na Magazeti

Mjomba wangu si mtu wa simu. Akikupigia, ujue kuna msiba au kuna jambo zito. Kwa hivyo usiku wa kuamkia Mei 9, 2025, simu ilipolia nikiwa nimelala, niliamka moyo ukinidunda. Mke wangu naye aliketi kitandani, akiwa tayari kusikia habari mbaya kutoka Nakuru.

"Umesikia?" mjomba aliuliza bila hata salamu.

"Nimesikia nini, mjomba?"

"Papa mpya ametoka Chicago. Na hawa watu wa runinga wanasema eti ni shabiki wa Cubs! Chicago yote ile, kila mtu lazima awe wa Cubs?"

Nilicheka kwa sauti, kisha nikanyamaza ghafla. Mzee wa miaka 71 alikuwa amekosa usingizi kwa sababu ya timu iliyo ng'ambo ya bahari, katika mchezo ambao majirani zake hawaujui. Lakini mimi niliishi naye huko. Nilijua kwamba hasira ile haikuanza usiku huo.

Mpenzi msomaji, hebu nikueleze. Mjomba alikwenda Chicago mwaka 1986. Kwa karibu miaka 30 alifanya kazi ya usiku katika chumba cha kufulia nguo za hospitali. Mimi nilimfuata mwaka 2003 kwenda kusoma, akanipokea katika nyumba yake ndogo ya kupanga, upande wa kusini wa jiji. Juma la kwanza hakunionyesha majumba marefu wala ziwa. Alinipeleka katika mtaa wa 35, akanionyesha uwanja wa White Sox.

Chicago ina timu mbili kubwa za besiboli. Treni moja, iitwayo Red Line, hufika kwa zote mbili. Ukishuka Addison, upande wa kaskazini, uko kwa Cubs. Ukishuka mtaa wa 35, kusini, uko kwa White Sox. Ni kama Gor Mahia na AFC Leopards, ila huko timu moja ndiyo inayojulikana ulimwengu mzima, na ile nyingine hujulikana na wenyewe.

"Sababu ni nini?" nilimuuliza siku moja. Mjomba alianza kuhesabu kwa vidole. Tangu mwaka 1981 hadi 2009, Cubs ilikuwa mali ya kampuni ya Tribune. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na gazeti la Chicago Tribune na kituo cha runinga cha WGN, ambacho kilionekana nchi nzima kwa satelaiti. Tena uwanja wa Cubs haukuwa na taa hadi mwaka 1988, kwa hivyo mechi zao za nyumbani zote zilichezwa mchana. Mtoto aliyetoka shule mahali popote Marekani aliweza kuwasha runinga na kuwakuta Cubs wakicheza. Ukimpikia mtoto wali kila siku, utashangaa akikua akipenda wali?

Lakini mjomba ni mtu wa haki. Alinieleza pia kosa la wenye timu yake. Mwaka 1982 waliamua kuonyesha mechi nyingi katika runinga ya kulipia, wakitumaini kwamba wapenzi wa timu wangetoa fedha. Wengi hawakutoa. Wakati huo huo Harry Caray, mtangazaji aliyependwa mno, aliiacha White Sox akahamia Cubs. "Tulijifungia nyumbani wenyewe," mjomba alisema, "kisha tukalalamika kwamba hatupati wageni."

Mwaka 2005 ulipofika, White Sox ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu mwaka 1917, yaani kwa miaka 88. Jambo ambalo watu wengi walilikumbuka kuihusu ni aibu ya mwaka 1919, wakati wachezaji wake wanane waliposhtakiwa kula njama ya kupoteza fainali kwa ajili ya fedha, kisha wakafungiwa maisha. Ubaya huandikwa kwa wino usiofutika.

Msimu wa besiboli una mechi 162. White Sox ilikalia kileleni mwa kundi lake tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kocha wake alikuwa Ozzie Guillén, mzaliwa wa Venezuela, mtu wa maneno mengi na kicheko. Mwanzoni mwa Agosti walikuwa mbele kwa mechi 15. Kisha wakaanza kuyumba, na kufikia mwishoni mwa Septemba Cleveland ilikuwa imebakisha mechi moja na nusu tu kuwafikia. Hapo ndipo wanahabari wa nchi nzima walipogundua kwamba kuna timu inaitwa White Sox! Kila nilipofungua redio nilisikia habari za timu inayoporomoka. Waliposhinda walikuwa hawaonekani. Walipojikwaa wakamulikwa kwa tochi.

Hawakuporomoka. Walimaliza wakiwa na ushindi 99, kisha wakaingia katika mechi za mchujo na kuwalaza Boston Red Sox, waliokuwa mabingwa watetezi, mechi tatu kwa bila. Asubuhi yake niliketi na mjomba, akiwa ametoka kazini, tukatazama kipindi kimoja cha michezo. Kwa karibu nusu saa watu wanne wenye tai walijadiliana: Boston ilikosea wapi? Boston imuuze nani? Boston imechoka?

Mjomba alizima runinga. "Umeona?" akasema. "Hata tukiwashinda, habari ni yao."

Baada ya Boston walikutana na Angels. Walipoteza mechi ya kwanza, kisha wakashinda nne mfululizo. Katika mechi hizo nne, kila mrushaji aliyeanza aliimaliza mechi mwenyewe bila kupokewa: Buehrle, Garland, Garcia na Contreras. Kwa asiyejua besiboli, hiyo ni kama shamba la watu watano kulimwa na mtu mmoja hadi jioni, na kesho mwingine akafanya vivyo hivyo, na kesho kutwa tena. Katika besiboli ya siku hizi ni ajabu kubwa.

Fainali yao, iitwayo World Series, ilikuwa dhidi ya Houston Astros. Katika mechi ya pili, kwenye baridi na mvua, Scott Podsednik aliupiga mpira ukavuka ukuta na kumaliza mchezo 7-6. Msimu mzima wa kawaida hakuwa amevusha mpira hata mmoja! Mechi ya tatu, badala ya zamu 9, ilikwenda zamu 14 na kuisha baada ya saa saba usiku. Mjomba aliisikiliza kazini kwa redio ndogo aliyoiweka juu ya mashine ya kukaushia mashuka. Aliniambia kwamba Geoff Blum alipovusha mpira, alipiga kelele hadi muuguzi akaja mbio akidhani ameungua.

Mechi ya nne ilikuwa Oktoba 26, 2005. Mjomba alikuwa na ruhusa. Tuliketi kwenye sofa lililochanika, chai ikapoa mezani. Ushindi ulikuwa 1-0. Juan Uribe alijitupa katikati ya mashabiki wa Houston akaudaka mpira, kisha akadaka mwingine ulioviringika na kuurusha, na kwisha. Walikuwa wamecheza mechi 12 za mchujo wakashinda 11. Nje, honi za magari zililia hadi alfajiri. Mjomba hakupiga kelele. Alichukua kalamu akaandika alama ya mwisho katika daftari lake, kisha akafuta macho kwa mkono wa shati.

Sikukuambia habari za daftari. Mashabiki wengi wa besiboli huandika kila tukio la mechi kwa alama ndogo ndogo, mraba kwa mraba. Mjomba alikuwa na madaftari kumi na moja. "Kama hawataandika, nitaandika mimi," alisema.

Siwezi kudanganya: magazeti ya jijini yaliandika kwa herufi kubwa, na siku ya gwaride barabara zilifurika umati. Lakini nje ya Chicago fainali hiyo ilipata kiwango cha watazamaji wa runinga kilicho chini kuliko fainali zote zilizotangulia. Mwaka mmoja kabla, Boston ilipomaliza kiu ya miaka 86, dunia ilisimama. Mwaka 2016 Cubs walipomaliza kiu ya miaka 108, habari ziliandikwa kila mahali. Mimi nilizisikia hapa Nairobi nikiwa ndani ya matatu. Katikati ya sherehe hizo mbili kubwa kuna miaka 88 ya White Sox, na ni wachache wanaoikumbuka. Hata Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alipovaa jaketi la White Sox kurusha mpira wa kwanza katika mechi ya nyota mwaka 2009, mjomba alifurahi kuliko siku ya uchaguzi.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Mwaka 2008 nilirudi nyumbani na shahada yangu. Wazazi wangu waliandaa sherehe kubwa, mahema mawili na ng'ombe mmoja. Mjomba alikuja likizo kwa ajili hiyo. Nilipopewa kipaza sauti nilimshukuru mheshimiwa mmoja aliyefika amechelewa saa tatu. Nikamshukuru mwalimu mkuu wangu wa zamani, padri, jirani aliyetoa kreti za soda, na binamu yangu aliyetoka Uingereza juzi akiwa na suti nzuri. Watu walipiga makofi. Nikakaa.

Mjomba alikuwa nyuma, karibu na sufuria, akiwasaidia akina mama kugawa chakula. Mtu aliyenilipia karo kwa mshahara wa kufua mashuka, aliyenipa kitanda chake akalala kwenye sofa kwa miaka minne, sikumtaja hata kwa jina.

Nilikumbuka jioni, mahema yakikunjwa. Nilimwendea nikiwa siwezi kumtazama usoni. Alitabasamu, akaniwekea mkono begani.

"Usijali, mpwa wangu," alisema. "Leo umekuwa gazeti."

Maneno hayo yamekaa nami tangu siku ile. Nilikuwa nimewalaumu watu wanne wenye tai katika runinga kwa kutazama upande wenye taa, kumbe nami nilipopewa kipaza sauti nilitazama huko huko. Mjomba alikuwepo kila siku, na mtu aliyepo kila siku huzoeleka kama ukuta wa nyumba. Haonwi mpaka uanguke.

Timu yake nayo iliona hayo. Mwaka 2024 White Sox ilipoteza mechi 121, idadi iliyovunja rekodi ya besiboli ya kisasa. Hapo magazeti yalikuja! Kila mtu alitaka kuandika. "Tumepata umaarufu mwishowe," mjomba aliniambia kwa uchungu. Nilimfikiria binti yangu wa pili, ambaye hajawahi kuitiwa mzazi shuleni. Kaka yake akipata alama mbaya, tunakaa kikao. Yeye akipata nzuri, tunasema "vizuri" na kuendelea kula.

Tuirudie simu ya usiku ule. Kulipokucha, habari ilikuwa imerekebishwa. Ndugu yake Papa Leo alisema wazi kwamba Papa hakuwa kamwe shabiki wa Cubs, ni wa White Sox tangu zamani. Tena picha za runinga za mwaka 2005 zilipatikana, zikimwonyesha akiwa amekaa uwanjani katika mechi ya kwanza ya fainali ile ile!

Jumamosi niliwachukua watoto tukaenda Nakuru. Tulimkuta mjomba barazani, madaftari yakiwa mezani. Alitafuta ukurasa wa Oktoba 22, 2005, akauweka mbele ya binti yangu na kuanza kumfundisha kusoma ile miraba. Walikaa hapo hadi chai ikapoa, kama zamani.

Nilimwambia kwamba nataka kuandika habari zake gazetini, nilipe deni la ile sherehe. Alikataa jina lake lisitajwe. "Andika alama tu," alisema. "Alama hazidanganyi."

Basi naandika. White Sox, mechi za mchujo za mwaka 2005: wameshinda 11, wamepoteza moja. Mjomba wangu, Chicago, tangu 1986: watoto wanne wa dada yake wamesomeshwa, na hakuna aliyefukuzwa shule kwa ajili ya karo.

Nawe msomaji, kabla hujalilaumu gazeti hili au runinga ile kwa kumsahau anayestahili, tazama mezani pako leo Jumapili. Kuna mtu hapo anayeshinda kila siku bila kelele. Mtaje.